Kubadilisha matumizi ya shamba na kupima umbali wa mpakani: mwongozo kamili kabla hujachimba msingi

Alikuja na barua mkononi, uso umemchangamka. Shamba lake lilikuwa limebadilishwa kutoka matumizi ya kilimo kuwa ya biashara, naye alitaka nimchoree upanuzi wa ghala ili apate karakana ya kusindika mazao. Nikatandaza ramani mezani, nikachukua rula. Upande wa kushoto kulikuwa na nyumba za watu. Kwenye kanda ya kilimo, jengo lake lilitakiwa kukaa mita 3 kutoka mpaka huo, nalo lilikuwa mita 6, hakuna neno. Kwenye kanda mpya ya biashara, jengo linalopakana na makazi lilitakiwa kukaa mita 10. Barua aliyoihangaikia karibu mwaka mzima ilikuwa imemruhusu kufanya biashara, na papo hapo imemzuia kupanua jengo la kuifanyia.

Wengi huyatenganisha mambo haya mawili: kwanza nibadilishe matumizi, vipimo nitavijua baadaye. Mimi ninashauri uanze na vipimo. Chora jengo lako kwa masharti ya kanda unayoitaka, ulione limekaa au limekataa, ndipo uombe kanda hiyo. Tarakimu za majengo na viwanja nitakazotumia hapa ni za mfano. Za kwako zimo katika kanuni za halmashauri yako, na hutofautiana hata kati ya halmashauri mbili zinazopakana.

Tuelewane maneno. Kanda ni kundi la matumizi ambalo ardhi yako imewekwa: kilimo, makazi ya vijijini, biashara, viwanda vidogo na kadhalika. Umbali wa mpakani, ambao wachoraji wengi huuita setibaki, ni nafasi ambayo jengo lazima liiache kati yake na mpaka wa kiwanja, barabara, mto au kitu kingine kilichotajwa. Wazo lenyewe ni la kale. Sheria za Roma za karne ya 5 kabla ya Kristo zilikwishataka nafasi ya futi mbili na nusu kuzunguka jengo.

Hatua ya 1: Jua ardhi yako inaitwaje leo

Nenda ofisi ya mipango ukaombe kuona vitu vitatu, na usikubali kupewa kimoja tu. Cha kwanza ni ramani ya kanda. Cha pili ni maandishi ya kanuni zinazoeleza kila kanda inaruhusu nini na kwa vipimo gani. Cha tatu ni mpango mkuu wa eneo, ule unaoeleza halmashauri inataka eneo liwe vipi miaka ijayo. Ramani na kanuni ndizo sheria ya leo. Mpango mkuu kwa kawaida haukuruhusu kujenga kitu, lakini ndio utakaoamua kama ombi lako la kubadilisha kanda litasikilizwa au litatupwa. Kama mpango unaonyesha upande wenu utabaki kilimo, unapanda mlima. Kama unaonyesha makazi au biashara, nusu ya hoja zako zimekwishaandikwa na halmashauri yenyewe.

Kisha uliza kama kuna tabaka la pili la masharti juu ya kanda yako: eneo la mafuriko, chanzo cha maji, njia ya ndege, njia ya umeme mkubwa, hifadhi ya ardhi ya kilimo. Hili la mwisho limewaumiza wengi, kwa sababu mara nyingi halimo mikononi mwa halmashauri. Katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, ardhi ya kilimo iliyowekwa kwenye hifadhi tangu 1973 iko chini ya tume ya jimbo. Halmashauri ya huko haiwezi peke yake kuitoa kwenye kilimo hata ikikubaliana na mwenye shamba kwa kila jambo. Japani nako, sheria ya ardhi ya kilimo ya 1952 kwa kawaida inataka kibali cha gavana wa mkoa ili shamba ligeuzwe matumizi mengine. Kwa hiyo swali la kumwuliza afisa ni hili: «Baada yenu, kuna nani mwingine anayetakiwa kukubali?» Liulize mapema, kabla ya kulipa ada yoyote.

Hatua ya 2: Chagua mlango wa kubisha

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu anaomba kubadilisha kanda ilhali alichohitaji ni ruhusa ndogo zaidi, ya haraka zaidi na yenye gharama nafuu. Milango ni minne, na uibishe kwa mfuatano huu.

Huenda unachotaka kimekwisharuhusiwa. Kanda nyingi za kilimo huruhusu nyumba ya mwenye shamba, maghala, mabanda, pengine hata kuuza mazao ya shamba lenyewe palepale. Soma orodha ya matumizi yanayoruhusiwa neno kwa neno, na usome pia sehemu ya tafsiri ya maneno, kwa kuwa «karakana» ya kwenye kanuni si lazima iwe karakana uliyo nayo kichwani.

Mlango wa pili ni kibali chenye masharti. Kanuni nyingi zina orodha ya matumizi yanayokubalika katika kanda ileile iwapo mwombaji atatimiza masharti fulani: saa za kazi, idadi ya magari, ukuta wa kuzuia kelele. Kanda haibadiliki, na ndiyo maana kamati huwa nyepesi kukubali.

Wa tatu ni ulegezaji wa vipimo. Huu ni wa mtu ambaye matumizi yake hayana tatizo ila umbali ndio unaomkaba. Hutolewa pale ambapo umbo la kiwanja lenyewe, mteremko, mwamba au mto, linaifanya kanuni kuwa adhabu. Chukua shamba la urithi lililogawanywa vipande virefu vyembamba, mita 15 kwa mita 200. Kanuni ikitaka mita 6 kila upande, kinachobaki kujengwa ni upana wa mita 3, ambao ni korido. Mwenye kipande kile hana haja ya kubadilisha kanda. Anahitaji kulegezewa, na umbo la kiwanja chake ndilo ushahidi wake. Anayesema tu «nilitaka nyumba kubwa zaidi» hatafika popote, maana shida yake ameitengeneza mwenyewe.

Mlango wa nne ndio kubadilisha kanda yenyewe. Ni mrefu, hupita kwa madiwani au baraza, hutangazwa, husikilizwa hadharani, na unaweza kukataliwa kwa sababu za kisera tu hata kama makaratasi yako hayana doa. Jihadhari hasa na ombi la kubadilisha kipande kimoja kidogo katikati ya mashamba ya wengine. Marekani mahakama zimetengua mara nyingi maamuzi ya aina hiyo, yanapoonekana kumnufaisha mwenye kipande peke yake bila uhusiano wowote na mpango wa eneo. Kwa hiyo hata ukishinda kwenye kikao, jirani anaweza kukushinda mahakamani.

Kanda zina mantiki yake, na ukiijua utaweza kuzungumza na kamati kwa lugha yao. Mwaka 1926 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio, dhidi ya kampuni ya Ambler iliyomiliki ekari 68 na kutaka kuziuza kwa viwanda. Kijiji kilishinda. Jaji Sutherland aliandika kwamba kero inaweza kuwa kitu kizuri tu kilichowekwa mahali pasipofaa, kama nguruwe sebuleni badala ya zizini. Kamati yoyote utakayokwenda mbele yake, popote ulipo, inajiuliza swali hilohilo kuhusu karakana yako.

Hatua ya 3: Pima, na ujue unapima kutoka wapi

Niruhusu nikae hapa kidogo.

Umbali hupimwa kutoka mpaka wa kisheria wa kiwanja. Ua sio mpaka. Mtaro sio mpaka. Ukingo wa lami sio mpaka. Barabara ya kijijini inayoonekana ina upana wa mita 5 inaweza kuwa na hifadhi ya barabara ya mita 15 au zaidi, na umbali wako unaanzia pale hifadhi inapoishia, ndani kabisa ya kile unachokiita bustani yako. Mimi mwenyewe nilijenga stoo kwa kupima kutoka kwenye ua wa miti ambao nilidhani ulipandwa na baba yangu mpakani. Ulikuwa umepandwa mita moja na nusu ndani ya shamba la jirani. Stoo yangu, niliyoiacha mita 3 kamili kutoka uani, ilikuwa mita 1.5 kutoka mpaka. Niligundua siku mpimaji alipofukua jiwe la mpaka lililokuwa limefunikwa na udongo, akaliita kwa utani «mgeni wako».

Kwa hiyo tafuta mawe ya mpaka, yote. Ukikosa hata moja, mlipe mpimaji aliyesajiliwa alirudishe mahali pake kwa kufuata ramani ya upimaji. Kipimo cha simu kinaweza kukosea mita kadhaa. Kinatosha kukuonyesha njia ya kwenda shambani, hakitoshi kukuonyesha mpaka wake.

Ukishaupata mpaka, kipimo huchukuliwa kwa pembe mraba kutoka kwenye mstari huo hadi sehemu ya jengo iliyo karibu zaidi nao. Sehemu ipi? Hapo kanuni hutofautiana sana. Nyingine hupima hadi ukuta wa nje. Nyingine hupima hadi ncha ya upenu. Nyingine huruhusu upenu, ngazi au dirisha linalotokeza kuingia kwenye nafasi ile kwa kiasi fulani, lakini veranda yenye nguzo na paa zikaihesabu kuwa jengo. Upenu wa sentimita 60 unaweza kuwa ndio tofauti kati ya kibali na amri ya kubomoa. Mwulize afisa swali hili hasa: «Mnapima hadi ukutani au hadi mwisho wa paa?» Andika jibu lake na tarehe.

Kiwanja cha pembeni, penye njia mbili, mara nyingi huhesabiwa kuwa na mbele mbili, kwa hiyo umbali ule mkubwa wa mbele unaukuta pande mbili. Kwenye kona yenyewe huwepo pembetatu ambayo hairuhusiwi kuwa na ukuta wala ua mrefu, ili madereva waonane. Kiwanja cha nyuma kinachofikiwa kwa njia nyembamba kina utata wake: ipi ndiyo mbele? Usikisie.

Mashambani kuna umbali mwingine usiohusu mpaka kabisa. Kisima na shimo la maji taka hutakiwa kutengana. Jengo na mto hutengana, na huko kipimo kwa kawaida huanzia alama ya maji ya juu, sio pale maji yalipo siku ya kiangazi uliyokwenda kupima. Mabanda ya mifugo na nyumba za majirani hutengana kwa sababu ya harufu. Jimbo la Ontario, Kanada, lina hesabu maalumu ya umbali huo inayozingatia aina ya mifugo, idadi yake na namna samadi inavyohifadhiwa. Na inakata pande zote mbili: anayetaka kujenga nyumba mpya karibu na banda la zamani naye hupimwa. Ukitaka kubadilisha shamba lako kuwa makazi ilhali jirani ana banda kubwa, uliza banda lake linakugusa vipi.

Hatua ya 4: Chora kisanduku kinachobaki

Chukua karatasi ya miraba. Chora kiwanja kwa kipimo, halafu kata umbali wa kila upande kwa mujibu wa kanda unayoiomba. Kinachobaki katikati ndicho unachoweza kujengea. Kiwanja cha mita 20 kwa 40 kina mita za mraba 800. Toa mita 8 mbele, 6 nyuma, na 3 kila ubavu: unabaki na mita 14 kwa 26, yaani mita za mraba 364. Hiyo haifiki nusu. Bado hujaweka maegesho, shimo la maji taka na njia ya gari la zimamoto.

Fanya michoro miwili, mmoja kwa kanda ya sasa na mwingine kwa kanda unayoiota, na uiweke ubavu kwa ubavu. Kwenye ule wa pili weka majengo yote yaliyopo. Jengo lililojengwa kihalali kabla ya kanuni kubadilika kwa kawaida huachwa liendelee, lakini haliruhusiwi kupanuliwa hovyo, na likiungua au matumizi yake yakikoma kwa muda uliowekwa, haki ile hupotea. Kuomba kanda mpya kwa hiari yako ni jambo jingine. Usitegemee kwamba huruma ileile itakufuata.

Umbali peke yake unaweza kuwa marufuku iliyovaa nguo nyingine. Bavaria, Ujerumani, mwaka 2014 iliweka kanuni kwamba mtambo wa umeme wa upepo ukae mbali na makazi mara kumi ya urefu wake. Mtambo wa mita 200 ulihitaji kilomita 2, na nafasi za kujenga zikakauka hadi kanuni ilipolegezwa. Poland iliweka sharti kama hilo mwaka 2016, na mwaka 2023 ikalishusha hadi mita 700 kama kiwango cha chini. Katika nchi zote mbili mitambo haikukatazwa kwa neno lolote. Ndiyo maana orodha ya matumizi yanayoruhusiwa haitoshi kukuambia kama unaweza kujenga.

Hatua ya 5: Kaa na afisa kabla ya kulipa

Halmashauri nyingi hukubali mazungumzo kabla ya maombi rasmi. Nenda na michoro yako miwili, nakala ya hati na ramani ya upimaji. Mwambie unachotaka kufanya, sio kanda unayoitaka, kwa sababu yeye anaweza kuwa na mlango mfupi usioujua. Mwulize maombi mangapi ya aina hii yamepita upande wenu na yapi yamekwama, na kwa nini. Baadaye mwandikie barua fupi: «Kama tulivyozungumza tarehe fulani, nimeelewa kwamba…» Mdomo haufunguliwi faili, na afisa anaweza kuhamishwa kesho.

Hatua ya 6: Majirani

Wafuate wewe mwenyewe, kabla tangazo halijabandikwa. Jirani anayeisoma habari yako kwenye nguzo anahisi amefichwa, na pingamizi lake litaandikwa kwa hasira hiyo. Nenda na mchoro, onyesha ukuta utakapokuwa, maji ya mvua yatakakoelekea, magari yatakakopita. Wengi hawajali kanda inaitwaje. Wanajali vumbi na maji. Ukiweza kusogeza mlango wa magari upande mwingine, usogeze, uandike kwenye mchoro, na uombe saini zao kwenye mchoro huohuo.

Hatua ya 7: Faili na hoja

Orodha ya viambatisho utapewa ofisini. Kinachoachwa kwa akili yako ni barua ya maelezo. Kamati haipimi tabia yako wala shida zako za fedha, kwa sababu kanda hukaa na ardhi: ukiuza kesho, mnunuzi asiyejulikana anarithi kila kilichoruhusiwa. Kwa hiyo watajiuliza ni jambo gani baya kabisa linaloruhusiwa katika kanda hiyo, na kama wanaweza kuishi nalo pale. Wajibu hilo moja kwa moja. Eleza ombi linavyolingana na mpango mkuu, kwa kutaja ukurasa. Eleza barabara itabebaje magari yatakayoongezeka, maji yatatoka wapi na maji taka yataenda wapi, udongo ule una thamani gani kwa kilimo, na mashamba ya jirani yataendeleaje na kazi zao. Mahali pengine unaweza kujifunga mwenyewe kwa kukubali masharti yanayopunguza matumizi ya kanda mpya. Nimeona ombi lililokuwa limekufa likifufuka kwa njia hiyo.

Kikaoni zungumza kwa dakika chache, onyesha mchoro, ujibu ulichoulizwa. Mtu akipinga, usimjibu yeye, ijibu kamati.

Kama tayari umejenga ndani ya nafasi iliyokatazwa

Usimwage zege zaidi. Pata kipimo rasmi cha kosa: sentimita 20 na mita 2 hazitibiwi sawa. Kosa dogo lisilomdhuru mtu linaweza kuombewa ulegezaji, ijapokuwa kamati nyingi huwa kali kwa anayeomba ruhusa baada ya tendo. Njia isiyokumbukwa ni kununua ukanda mwembamba kwa jirani na kusogeza mpaka kisheria, mradi kiwanja chake kisishuke chini ya ukubwa unaotakiwa wala jengo lake lisijikute nalo karibu mno na mpaka mpya. Hivyo ndivyo stoo yangu ilivyopona. Ile mita moja na nusu iliishia kuwa yangu kwa fedha, baada ya miaka mingi ya kuilima bure.

Hatua ya 8: Baada ya uamuzi

Ukikubaliwa, soma masharti kabla hujasherehekea, na utafute tarehe mbili: siku kibali kitakapokufa usipoanza ujenzi, na siku muda wa wengine kukata rufaa utakapokwisha. Kuanza kuchimba kabla ya hiyo ya pili ni kucheza kamari. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi siku hiyohiyo, maana siku za rufaa huwa chache na mara nyingi huanza kuhesabiwa tangu tarehe ya uamuzi.

Hakikisha ramani ya kanda imerekebishwa kweli, uchukue nakala iliyogongwa muhuri. Kisha, kabla ya koleo la kwanza, mwite mpimaji apige vigingi vya pembe nne za jengo kwa kuanzia mawe ya mpaka. Fundi afunge kamba kwenye vigingi hivyo, nawe upime mwenyewe kwa tepu kutoka kambani hadi mpakani, pande zote nne, ukikumbuka kuongeza upenu kama kanuni yenu inauhesabu. Piga picha tepu ikiwa imenyooshwa, namba zikisomeka, na jiwe la mpaka likionekana.